Aliyefika mnada wa ngamia wa Pushkar anisimulie, tuna kikao Jumamosi

BintiMvumi:

Mbukwenyi wakuu.

Mimi ni mpiga ng'oma wa muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo. Niko kwenye kikundi cha akina mama kumi na wanne huku Chamwino, upande wa Mvumi. Kwa mwaka tunatoka mara chache: harusi, misiba ya wazee, tamasha la muziki wa Cigogo pale Chamwino Ikulu ambalo lipo tangu 2009, na mara mojamoja tunaitwa mjini kwenye sherehe za wakubwa.

Mwaka jana tuliitwa kwenye sherehe moja hivyo, siitaji ya nani. Tukaambiwa tufike saa mbili asubuhi, tukafika. Mgeni rasmi akaja saa saba. Ng'oma zimekaa juani muda wote huo hakuna hata kivuli cha kuziweka, ngozi zikakaza kupita kiasi, ya kwangu ambayo aliiacha bibi ikachanika ukingoni. Tulipopanda tukapewa dakika nne. MC akatukata katikati ya wimbo, kiongozi wetu mkono uko juu. Posho ikaja baada ya miezi miwili, nayo nusu.

Sasa mwanangu anayesoma chuo kanionyesha kwenye simu sherehe za Rajasthan, India, hasa huo mnada wa ngamia wa Pushkar. Jangwa tupu lakini rangi zinaumiza macho. Ngamia wamevishwa shanga na vioo, wazee wana vilemba vyekundu na vya rangi ya embe bivu, wanawake wana sketi zinafunguka kama mwavuli wakizunguka. Watu hawahesabiki. Nikabaki najiuliza: ukame hata sisi tunao, mifugo tunayo, ngoma ndiyo usiseme. Mbona mgeni akifika Dodoma analala usiku mmoja, asubuhi kapanda treni ya umeme karudi Dar?

Jumamosi kikundi kina kikao. Wenzangu wengine wanataka tuanzishe siku yetu ya ngoma, iwe na uzio wa turubai, kiingilio, viti vya plastiki na mgeni rasmi (bado hawajakoma!). Wengine wanasema tubebe ng'oma twende mnadani ambako watu wapo tayari. Mimi sijui nisimame wapi.

Kwa hiyo naomba aliyefika huko kwa miguu yake anieleze inaendaje. Ilianzishwa na serikali au wenyeji? Wapigaji analipa nani? Ya kwenye matangazo msiniletee, hayo nimeshayaona.

KijanaWaKikuyu:

Mama mimi mbali nilikofika ni Bahi, kununua mchele. Ila nakaa hapa nasubiri majibu.

Makole_Jaipur:

Shikamoo mama.

Nimesoma Jaipur miaka minne, 2016 mpaka 2020. Pushkar nimekwenda mara mbili, na ile ya kwanza nilibugi. Nianze na hiyo, maana ndiyo iliyonifumbua macho.

Ilikuwa 2018. Niliuliza hosteli mnada ni lini, nikajibiwa ni mwezi mpevu wa Kartik, mwezi mmoja wa kalenda ya Kihindu, ambao mwaka ule uliangukia tarehe 23 Novemba. Mimi kichwani nina Nane Nane ya Nzuguni. Kwetu kilele ni siku ya mwisho, ndiyo ya kwenda, huko nyuma ni watu wanapigilia misumari mabanda. Basi nikapanda treni tarehe 22, Jaipur hadi Ajmer ni saa mbili na ushee, pale ukachukua basi la kupanda kilima, nusu saa uko Pushkar. Nikashuka jioni. Mama, watu! Unasogezwa tu, mguu hauamui wenyewe. Lakini ngamia siwaoni. Nikauliza, nikaelekezwa nje ya mji kwenye vilima vya mchanga. Nikakuta vigingi, majivu, samadi, na ngamia wachache waliopambwa kwa ajili ya kuzungusha wageni. Muuza chai mmoja akanicheka. Kwa Kihindi changu cha kuokoteza nikaelewa ananiambia: wenye ngamia wameshaenda kwao, wewe umekuja kuoga?

Kumbe pale pana mambo mawili kwenye uwanja mmoja. La kwanza ni mnada. Wafugaji wanaingia mapema, wengine hata kabla ya siku iliyotangazwa, wanauza, wananunua, wanaondoka. La pili ni ibada. Siku tano za mwisho mpaka mwezi kupevuka, Wahindu wanakuja kuoga kwenye ziwa la Pushkar, lina sehemu 52 zenye ngazi za kuteremkia majini, na kuna hekalu la Brahma, mungu ambaye mahekalu yake hata India ni ya kutafuta. Wanaume walikuja na mifugo, wake zao wakaja kuoga na kununua bangili. Watu wakishajaa hivyo, mpiga zeze wao, mcheza kamba, muuza hatamu na njuga, kila mmoja anakuja kwa miguu yake bila kadi ya mwaliko.

Kwa hiyo swali lako la nani aliianzisha: hakuna kamati iliyokaa. Serikali ya jimbo ilikuta watu wamejaa, ikaongeza yake. Ndiyo hayo mnayoyaona kwenye simu: mashindano ya sharubu ndefu, ya kufunga kilemba, mbio za ngamia, wageni na wenyeji kuvutana kamba. Yanachekesha na nilicheka. Lakini ukiyatoa yote kesho, watu bado watakuja.

2019 nikajirekebisha. Mwezi ulikuwa unapevuka tarehe 12 Novemba, mimi nikaenda wiki nzima kabla. Hiyo ndiyo Pushkar. Unaamka alfajiri baridi inauma, moshi wa mioto umelala chini kama ukungu wa Kondoa, na ndani ya ule moshi unaona shingo tu za ngamia, mamia, hazina mwili. Sauti yao usiombe, ni kama mtu anasukutua mdomo ndani ya pipa. Nilijisogeza kwenye moto wa mzee mmoja wa jamii ya Raika, ndio wafugaji wa ngamia wa asili kule, nguo nyeupe na kilemba chekundu. Akanipa chai, akaimimina kwenye kisahani ipoe, nikainywa kwa kufyonza kama yeye. Ngamia wake mmoja alikuwa amenyolewa manyoya kwa mkasi, mbavuni kuna maua na tausi, kazi ya siku nyingi. Alikuja mnunuzi, yale maua hakuyatazama kabisa. Alimshika ngamia mdomo akaufunua akahesabu meno, akampapasa magoti, akasonya, akaondoka. Kama mnada wetu wa Msalato kabisa!

Kitu kimoja tu kilinishinda. Pushkar ni mji mtakatifu: nyama marufuku, mayai marufuku, pombe marufuku. Mnada bila nyama choma, mama! Mimi nimekulia Makole, Jumamosi ni Msalato na mbavu za mbuzi, nikajikuta katikati ya mifugo maelfu nakula dengu. Ila nikuambie kilichonifariji: mkate wao wa wafugaji unaitwa bajra roti, na bajra ni uwele. Uwele wetu huu huu wa Ugogo. Wanaupiga kwa viganja, wanauchoma, wanaupaka samli, na pembeni kitunguu saumu kilichotwangwa na pilipili. Nilipoumega harufu ilinirudisha jikoni kwa bibi.

Sasa wapigaji. Kule jangwani upande wa Jaisalmer na Barmer kuna koo za wanamuziki, Manganiyar na Langa. Hawa ni Waislamu, lakini kwa vizazi wanawapigia matajiri wao, na wale wa Manganiyar wengi ni Wahindu. Kila familia ya wapigaji ina familia zake. Kukizaliwa mtoto au kukiwa na harusi, wao ndio wanaimba na kutaja ukoo wa mwenye nyumba, babu kwa babu, na wanalipwa mbuzi, nafaka, fedha, zamani hata ngamia. Chombo kikubwa cha Manganiyar kinaitwa kamaicha, tumbo la mti limewambwa ngozi ya mbuzi, kinapigwa kwa upinde. Ukikisikia ukiwa umefumba macho utasema zeze la Mgogo limepata mafua. Kwa maana hiyo mnada si tegemeo lao. Tegemeo ni nyumba zile. Mnada na hoteli ni nyongeza, na hoteli nyingine ni dhuluma tupu: nilikutana na kijana mpiga khartal, vile vibao viwili viwili vya mkononi, anapiga kwa muda wa saa tatu kila usiku wageni wakila, mshahara hana, anaishi kwa kinachobaki mezani.

Mama mimi ningekuwa kwenye hicho kikao ningesema: msianze na uzio. Uzio unawafungia nje watu ambao ndio sherehe.

Dalali_wa_Mnadani:

Huyo kijana kasimulia vizuri lakini hajawahi kushika kamba ya ng'ombe, anaonekana.

Dada, mimi ni dalali wa mifugo mwaka wa kumi na tisa huu, minada ya Dodoma na Singida naizunguka kama saa. Nikwambie ukweli. Asubuhi mnadani hakuna mtu wa kusikiliza ngoma. Mtu kafunga milioni tatu kiunoni, jicho moja kwa ng'ombe, jicho lingine kwa kibaka, sikio kwa dalali. Na ng'ombe wenyewe hawajazoea. Kuna kampuni ilileta gari la matangazo na spika kubwa, ikafungulia muziki ghafla jirani na zizi. Madume yalivunja mbao, mzee mmoja alikanyagwa akavunjika ubavu, mbuzi tuliwakusanya hadi jioni. Sasa wewe lete muheme, ng'oma kubwa ile ikisema DU mara moja tu, utanitafutia kesi.

Lakini sisemi msije. Njooni kuanzia saa tisa alasiri. Hapo mifugo imeshapakiwa kwenye malori, ushuru umelipwa, hela zimebadilisha mifuko, watu wako kwenye vibanda vya nyama wameshika mfupa. Mtu aliyeuza vizuri saa tisa ni mkarimu kuliko mgeni rasmi yeyote. Mkae upande wa nyama, upepo uwapeleke mbali na zizi.

Na msije Oktoba au Novemba. Huko kwao sijui, huku miezi hiyo ng'ombe ni mbavu, anayeuza anauza kwa njaa. Nani atatunza mpiga ngoma siku aliyouza ng'ombe kwa bei ya mbuzi? Njooni Juni, Julai, Agosti. Mavuno ndani, ng'ombe ana mafuta, watu wanaoza mabinti.

Swali kwa huyo wa Jaipur: hao ngamia bado wapo kweli? Maana nilisikia wanaisha.

Makole_Jaipur:

Mzee shikamoo, nimekubali, kamba sijashika.

Wanapungua. Sensa ya mifugo ya India ya 2012 ilihesabu ngamia kama 400,000 nchi nzima. Ya 2019 ikapata kama 250,000, na zaidi ya asilimia 80 wako Rajasthan. Yule mzee wa Raika alinihesabia sababu kwa vidole. Trekta na pikapu zimechukua kazi ya ngamia. Mfereji mkubwa umeleta maji jangwani, malisho yakageuka mashamba ya watu. Cha tatu ndicho alichokisema kwa hasira: 2014 jimbo lilimtangaza ngamia kuwa mnyama wake rasmi, 2015 ikaja sheria ya kumlinda. Marufuku kumchinja, na kumtoa nje ya jimbo mpaka kibali. Nia nzuri. Ila wanunuzi wa kutoka mbali wakakata mguu, bei ikaanguka, vijana wakaona ufugaji wa ngamia ni kulinda hasara. Na Raika wenyewe ngamia hawamli kabisa. Wanaamini Mungu wao Shiva alimuumba Raika wa kwanza kwa kazi moja, kumchunga ngamia. Kwa hiyo mtu ana mnyama ambaye hamli, hamuuzi, na bado ni ndugu yake.

Na nisikudanganye, hata mnada umewahi kukosa mifugo kabisa. 2020 korona ilifuta kila kitu. 2022 ugonjwa wa mapele ngozi ulishambulia ng'ombe India, wakazuia mifugo yote isiingie Pushkar. Lakini watu walijaa. Ziwa lilikuwepo, mwezi ukapevuka, wakaja kuoga. Ndiyo maana nasema ule mnada una miguu miwili.

Dalali_wa_Mnadani:

Mapele ngozi nayajua vizuri. Wakishafunga mnada sisi madalali tunakula mihogo.

MzeeHombolo:

Nimewasoma. Niseme neno moja nikalale.

Muheme haukuwa mchezo wa mnadani. Ulikuwa wa akina mama, wakati wa kuwafunda mabinti, na wanaume tulikaa mbali. Nakumbuka mama yangu akibana ng'oma mapajani, kaiinamisha, na sisi watoto wa kiume tunafukuzwa kwa fimbo. Leo mnajadili uwekwe upande wa nyama choma au upande wa zizi. Hao Wahindi wanaoga kwenye ziwa lao kwanza, ngamia baadaye. Nyinyi ziwa lenu liko wapi?

KijanaWaKikuyu:

Mzee kapiga ya mwisho. Nani anajibu?

BintiMvumi:

Mzee wangu, mbukwa. Najibu mimi, maana mwenye ng'oma ni mimi.

Ni kweli yote uliyosema. Bibi aliyenirithisha hii ng'oma hakuipiga mbele ya mwanaume mpaka uzee. Lakini mzee, muheme ulishatoka zamani, ukaingia kanisani, ukaingia shuleni, ukaenda kupokea wageni wa serikali, na siku hizo hakuna aliyetuuliza. Sisi kwenye kikundi tuna nyimbo tatu ambazo hatuzitoi. Sizitaji hapa hata majina. Zinakaa ndani, zinapigwa panapotakiwa, na simu tunakusanya kwanza kwenye beseni. Zilizobaki ni za kusifu mvua, za kusema wanaume walevi, za kuaga bibi harusi. Hizo zina kosa gani zikienda kunywa soda mnadani?

Makole_Jaipur:

Kwa heshima zote mzee Hombolo, kuna jamii kule inaitwa Kalbelia. Kazi yao ilikuwa nyoka. Walizunguka na swila kwenye kikapu, wanaume wanapuliza pungi, zumari lenye tumbo la kibuyu. 1972 India ikapitisha sheria ya kulinda wanyamapori, kushika nyoka ikawa kosa. Kikapu kikabaki kitupu. Ngoma waliyokuwa wanacheza wenyewe kwa wenyewe kwenye furaha zao, wanawake wakaitoa nje. Wanavaa sketi nyeusi zilizotariziwa na vioo, na mwili wanaupinda kama yule nyoka aliyekatazwa. 2010 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Wanawake ndio wakawa wanaleta unga nyumbani.

Siwezi kusema ni jambo la kufurahia moja kwa moja. Niliwaona wakicheza kwenye kambi ya mahema huku watalii wanaangalia simu zao. Lakini pia niliwaona Pushkar usiku, wamemaliza kazi ya wageni, wamekaa mchangani wanacheza bila malipo, na ile ilikuwa ngoma nyingine kabisa. Nadhani hapo ndipo akina mama wa Mvumi wako mbele, wameshatenga za ndani na za nje.

DukaLaBabu:

Naomba niingie, japo kwetu si Rajasthan, ni jirani.

Mimi ni mzaliwa wa Dodoma, babu alikuja na jahazi kutoka Mandvi, bandari ya Kutch huko Gujarat, akaishia na duka la vitambaa hapa mjini. Nyumbani tunaongea Kikachi na Kiswahili, na mama yangu akikasirika anaongeza Kigogo. 2017 nilimpeleka mama akaone alikozaliwa baba yake.

Kutch nako ni jangwa, lakini la chumvi. Mvua inajaza bonde lote maji, yakikauka inabaki sakafu nyeupe mpaka upeo wa macho. Tangu 2005 serikali ya Gujarat inafanya pale Rann Utsav, miezi ya baridi, kijiji cha Dhordo. Hii dada yangu ni ile ya uzio ambayo wenzako wanaitaka: mahema ya kifahari, kapeti, chakula cha kujipakulia, ratiba kwenye karatasi. Usiku wa mbalamwezi ile chumvi inang'aa mpaka unaona kivuli chako cha buluu, mama alilia. Uongo siwezi kusema, ni pazuri. Lakini wapiga muziki walikuwa pembeni ya foleni ya chakula. Nusu saa, wakabadilishwa, wakaja wengine. Nilikumbuka dakika zako nne.

Waliochangamka ni wenye kazi za mikono. Kutch wanawake wanatarizi, wanapachika vioo vidogo kwenye nguo, kila kabila na mshono wake, ukijua unasoma mtu katoka kijiji gani. Hata nyumba zao za udongo, za duara, wanaziita bhunga, ndani ukutani wamebandika vioo kwenye udongo. Mgeni anasikiliza wimbo bure lakini mkoba ananunua. Dada, shanga na vibuyu vyenu msiviache nyumbani.

Ila kilichonifanya niandike ni kingine. Tukiwa mjini Bhuj tukaambiwa usiku kuna dhikri ya walii, twendeni. Wakaingia wanaume weusi, weusi kama mimi nilivyozoea kuona watu hapa kwetu, wanaitwa Sidi. Asili yao Afrika, wako Gujarat karne na karne. Wana ng'oma ndefu ya miguu inaitwa mugarman, na upinde wa kamba moja wenye kibuyu, wanauita malunga. Mama akanifinya: si ndono hii ya Wagogo? Halafu ngoma ikapanda, mmoja akarusha nazi juu, akaidaka kwa kichwa ikapasuka vipande viwili, maji yakamtiririka usoni, hajaacha kucheza. Nikamuuliza jirani yangu hii ngoma inaitwaje. Akanijibu: goma.

Nilimwambia aseme tena. Goma.

Kigujarati wanachozungumza ni safi kuliko changu, Kiswahili hawakijui, lakini hilo neno halijawatoka. Na hawalipigi kwa ajili ya mtu yeyote aliyelipa kiingilio, wanalipigia walii wao. Wageni tulipewa mkeka nyuma.

MzeeHombolo:

Sikulala. Goma?

DukaLaBabu:

Goma, mzee. Nilirekodi sauti kidogo, simu ikafa mwaka uliofuata.

Dalali_wa_Mnadani:

Haya tumefika mpaka baharini. Turudi Mvumi. Dada mmeamuaje?

BintiMvumi:

Jamani nimekisoma hiki kitu mara tatu, ya mwisho nikawasomea wenzangu kisimani, na kikao kikawa kimefanyika pale pale kabla ya Jumamosi. Waliotaka uzio walipiga kelele kidogo kisha mmoja wao akauliza turubai zinakodishwa bei gani, akatajiwa, wakanyamaza wenyewe.

Tutaanza Julai, tukishavuna na kupepeta. Hatutabandika tangazo wala kumwalika mgeni rasmi. Mnada wa huku kwetu, kuanzia saa tisa alasiri kama dalali alivyosema, upande wa nyama, chini ya mbuyu, kivuli cha ng'oma kwanza halafu cha watu. Kila mwezi siku ile ile, ili mtu ajue bila kuambiwa. Shanga tutabeba kwenye ungo. Mzee Hombolo, ile ya ziwa bado inanisumbua, sijakujibu na najua. Kuna bibi mmoja amesema tuanze kwa kumwagia maji ng'oma ya mkubwa wetu aliyefariki kabla hatujatoka nyumbani, kama zamani, bila watu. Huenda ndiyo hiyo au siyo, tutaona.

Dalali, nina shida moja ya haraka. Ngozi yangu bado imechanika tangu ile sherehe. Nataka ngozi ya mbuzi dume, nyepesi, isiyo na alama ya kisu wala moto. Nikija Msalato Jumamosi nimuone nani?

Dalali_wa_Mnadani:

Usimuone mtu yeyote, utapigwa bei. Nitafute mimi kwa mama muuza supu wa mwanzo ukitokea barabarani, kabla ya saa nne. Njoo na kipimo cha ng'oma, chukua kamba ukazungushe mdomo wake, usije ukaniambia "kubwa kubwa hivi" kwa mikono.